Ndoo ya Lita 20

Mwaka 2014, msimu wangu wa tatu katika biashara ya asali, mzee mmoja wa kusini mwa Sikonge mkoani Tabora, ukishaipita Ipole, aliniuliza swali dogo. Nilikuwa nimeshamlipa. Ndoo zake tano zilikuwa zimepangwa kivulini chini ya mwembe, vifuniko vimekazwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli ili asali isimwagike njiani. Alizikunja noti, akazitia kwenye mfuko wa shati, akasema taratibu, akiniita mama kwa lugha yao, "Mayu, kule Dar unauza kwa kilo. Huku kwetu unanunua kwa ndoo. Ndoo hii ina kilo ngapi?"

"Ishirini, mzee," nikamjibu. "Si ni ndoo ya ishirini?"

Akaitikia "haya". Hakubisha wala hakununa. Alinitakia safari njema, akanipa na mihogo ya kwenda kupika nyumbani. Lakini neno lile lilinikaa rohoni njia nzima, kwa sababu nilijua nimemjibu bila kuwahi kupima hata siku moja.

Usiku ule, kwenye stoo yangu ya Isevya mjini Tabora, niliipandisha ndoo moja kwenye mizani. Mshale ukapita 20, ukapita 25, ukasimama kwenye 29. Ndoo tupu ina uzito wa kilo moja hivi. Nikapima ya pili na ya tatu, mambo yakawa yale yale.

Lita moja ya maji ni kilo moja, hilo tulifundishwa tukiwa watoto. Asali ni nzito kuliko maji. Lita moja yake inakaribia kilo 1.4. Kwa hiyo ndoo ya lita 20 ikijaa sawasawa ina kilo 28. Ile ishirini tuliyokuwa tukiitaja ni ya lita, sisi wanunuzi tukaizungumza kama kilo, na warina asali wakaipokea hivyo kwa sababu kila mnunuzi aliyefika kijijini alizungumza lugha hiyo hiyo.

Na hapa lazima niseme kweli yote. Dalili nilikuwa nazo mbele ya macho. Kila ndoo niliyochuja na kufungasha ilinitolea chupa 27 au 28 za kilo moja. Nilikuwa naliona hilo, nikaliita baraka. Nilikuwa nikimshukuru Mungu kwa kilo ambazo hazikuwa zangu. Faida ikija kwa urahisi namna ile mtu hana haraka ya kuuliza imetoka wapi, na mimi sikuuliza kwa miaka mitatu.

Nikafungua daftari. Msimu wa kwanza ndoo 40, wa pili 90, wa tatu 160. Jumla ndoo 290. Kilo nane juu ya kila ndoo ni kilo 2,320. Bei tuliyokuwa tukikubaliana ni shilingi 70,000 kwa ndoo, nami nilikuwa nikiwaambia watu kwamba ninawapa 3,500 kwa kilo, bei nzuri kuliko ya madalali. Kumbe nilikuwa nikiwapa 2,500. Nilichokichukua bila kukilipia kilifika shilingi 8,120,000. Kwa biashara yangu ya wakati ule, hiyo ndiyo ilikuwa biashara yenyewe. Pikipiki ya kubebea mzigo, mashine ya kukamulia, kodi ya stoo, vyote vilitoka humo.

Nilipomweleza kaka yangu, ambaye nusu ya mtaji ulikuwa wake, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Bei ya ndoo mlikubaliana. Hukumshika mtu mkono. Na wanunuzi wengine wote wananunua hivyo hivyo." Alikuwa na hoja, na sikuona kwamba ni mtu mbaya. Ukinunua fungu la nyanya sokoni hakuna anayekuuliza uzito wake. Kama ningenyamaza kuhusu kilo, ningeweza kujitetea kwamba tulipatana kwa ndoo. Lakini mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nilimwambia mzee wa watu kuwa ni kilo ishirini. Na kwenye vipeperushi vyangu vya maonesho niliandika kuwa tunawalipa wafugaji nyuki bei ya haki. Sikuweza tena kukisoma kipeperushi kile.

Nilinunua mizani ya kuning'iniza ya kilo 50, nikaipeleka ikakaguliwa na kupigwa mhuri na Wakala wa Vipimo, nikarudi kijijini. Niliomba tukutane chini ya mwembe ule ule. Walikuja watu kama kumi na tano. Nilifunga mizani kwenye tawi, nikapandisha ndoo, nikamwita kijana mmoja asome kwa sauti. Kisha nikaeleza nilichokigundua, na kwamba kuanzia siku ile nitanunua kwa kilo.

Sijui nilitegemea nini. Labda washangilie. Hakuna aliyeshangilia. Walikaa kimya kirefu, halafu mama mmoja aliyekuwa amempakata mtoto akauliza, "Na zile za nyuma?"

Hilo ndilo swali ambalo watu wengi wenye biashara tungependa lisiulizwe. Tunapenda kuanza upya, tunapenda kusema kuanzia leo. Yule mama hakuhitaji leo yangu peke yake. Nilimwambia kwamba fedha zote sina, lakini majina na ndoo vimo kwenye daftari, na nitalipa kwa misimu mitatu. Nikaandika deni la kila mmoja mbele yake, nikampa karatasi. Kaka yangu alitoa fedha zake kwenye biashara mwezi ule. Tuliachana kwa amani. Yeye ana familia na ana haki ya kulinda chake. Mimi nililipa deni la mwisho mwaka 2017.

Kuanzia hapo ndoo iliyokuwa ikinigharimu 70,000 ikanigharimu 98,000. Watu huzungumza juu ya biashara yenye maadili kana kwamba ni suala la moyo mzuri. Moyo ni wa lazima, sikatai, lakini shilingi 28,000 kwa kila ndoo ni hesabu, na hesabu hiyo ilihitaji mtu wa kuilipa. Nilipandisha bei ya chupa ya kilo kutoka 10,000 hadi 12,000. Maduka mawili yakaniacha mwezi wa kwanza. Nikaacha lebo za kung'aa, nikaacha kukodi banda la peke yangu kwenye maonesho ya Sabasaba nikawa nachangia na wenzangu wawili, nikaanza kuuza mwenyewe kwa wateja wa ofisini na makanisani Dar es Salaam badala ya kupitia kwa wakala. Faida ilipungua na haikurudi pale ilipokuwa. Haikutakiwa kurudi, kwa sababu pale ilipokuwa ilikuwa imesimama juu ya kilo za watu.

Nikawaruhusu wauzaji waje na ndoo tupu ipimwe kwanza, kwa maana ndoo zinatofautiana. Tulikuwa na jiwe tulilolipima mjini, kilo mbili kamili, na kabla ya kuanza kununua linapandishwa ili kila mtu aone kwamba mshale haudanganyi. Anayesoma mizani si mimi wala mfanyakazi wangu, ni mtu wanayemchagua wao. Mwanzoni nilifanya hivyo ili waniamini. Baada ya muda nikagundua kwamba kulinilinda mimi pia. Siku mzigo ukipungua stoo, najua haukupungulia kijijini.

*

Kosa la pili halikuwa la uzito, lilikuwa la muda.

Duka moja kubwa la Dar es Salaam lilikubali kuchukua asali yangu, chupa 600 kwa mpigo. Masharti yalikuwa kulipwa baada ya siku 60. Nilifurahi mno, nikachukua asali kijijini kwa mkopo, nikawaambia warina asali kwamba miezi miwili haitapita. Siku 60 zikawa 90, zikawa miezi mitano. Kila nikipiga simu naambiwa hundi iko kwa mhasibu, mhasibu kasafiri, nijaribu Jumatatu. Nami nikawa nikiwaambia watu wa Sikonge maneno yale yale niliyoambiwa.

Asubuhi moja ya Januari nilifungua mlango nikakuta mwanamke mmoja amekaa kwenye ngazi na binti yake wa miaka kumi na minne hivi. Walifika na basi la jioni, wakalala stendi. Nilisema shikamoo kwa mazoea, kwa sababu alinizidi umri, akaitikia marahaba kwa upole, kisha akasema, "Mama, sikuja kugombana. Shule zimefunguliwa." Binti alikuwa amevaa sketi ya shule tayari, viatu amevishika mkononi visichakae kwa vumbi. Nilimdai duka; yeye alinidai mimi shilingi 310,000. Lakini duka lile halikuwahi kumwona, wala yeye hakuwahi kulisikia jina. Kwake yeye mdaiwa alikuwa mtu aliyeshika mizani chini ya mwembe.

Niliuza friji yangu siku ile. Nasema hivi si kwa kujisifu, maana friji ilitakiwa iuzwe miezi mitatu kabla. Wakati wote ule nilikuwa nimewafanya watu maskini kuliko mimi kuwa benki ya duka tajiri kuliko mimi, bila riba na bila kuwauliza.

Tangu hapo sinunui asali ambayo fedha yake sina mkononi siku ya mizani. Msimu wenye fedha kidogo nanunua kidogo. Maduka yanayotaka kulipa baada ya miezi nayakataa, nami najua ninachokipoteza. Kuna mwaka nilikataa oda ambayo ingeongeza mauzo yangu mara mbili. Wenye biashara wenzangu wananiambia bila mkopo hukui. Inawezekana. Lakini mkopo nitauchukua mimi benki, kwa jina langu na kwa riba yangu. Mrina asali akae nje ya jambo hilo.

*

Kuhusu uchakachuaji nitasema kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndiko wateja wananiuliza zaidi, na ndiko kuna imani nyingi zisizo sahihi.

Watu wanakwambia choma asali kwa njiti ya kiberiti, ikiwaka ni halisi. Wanakwambia itone kwenye maji, isipoyeyuka ni halisi. Wanakwambia sisimizi hawagusi asali ya kweli. Na zaidi ya yote wanakwambia asali ikiganda ina sukari ya dukani. Hakuna kati ya hayo unaloweza kulitegemea. Asali halisi huganda, nyingine baada ya wiki, nyingine baada ya mwaka, kutegemea maua yaliyowalisha nyuki, yaani glukosi iliyomo ni nyingi kiasi gani. Nimerudishiwa makatoni mazima na wateja walioamini wametapeliwa, na ndani mlikuwa na asali safi kabisa iliyofanya kile asali inachofanya.

Kishawishi kikubwa kilikuwa hapo. Ukiipasha asali moto mkali, inabaki majimaji na inang'aa kwa miezi mingi, na mteja anafurahi. Lakini joto linaua vimeng'enya na kubadilisha sukari yenyewe. Kuna kipimo cha hilo maabara, kinaitwa HMF kwa kifupi, na viwango vya kimataifa vinataka kisizidi miligramu 80 kwa kilo kwa asali ya nchi za joto kama yetu, 40 kwa nyingine. Nilichagua kuandika kwenye lebo kwamba asali hii inaweza kuganda, iweke chupa kwenye maji ya vuguvugu. Sentensi hiyo moja imenipotezea wateja na imeniletea wengine. Walioletwa nayo hawaondoki.

Unyevu napima kwa kifaa kidogo cha kuchungulia, tone moja linatosha. Ukizidi asilimia 20 asali ile inaweza kuchacha, kwa hiyo siipokei, na namwonyesha mwenyewe ndani ya kifaa aone mstari ulipo. Mara nyingi sababu ni kurina mapema, masega hayajafunikwa kwa nta na nyuki. Lakini kifaa hicho hakijui sukari imetoka wapi. Mtu akichemsha sukari ya miwa ikawa nzito vya kutosha, kifaa kinasema safi. Maabara hugundua kwa kupima aina za kaboni, kwa sababu miwa na mahindi hujenga sukari yao kwa njia tofauti na miti ya msitu, lakini kupima kila ndoo namna hiyo ni gharama ambayo mfanyabiashara wa Tabora haiwezi.

Mwaka 2018 niliuziwa ndoo sita zilizochanganywa. Niligundua kwa ulimi baada ya kuchuja, ladha ilikuwa bapa, haina ule uchungu wa mbali wa asali ya miombo. Aliyeniuzia alikuwa kijana niliyemjua. Nilipomwita alikiri upesi: mke amelazwa, mizinga ilikuwa haijaiva. Nilizimwaga ndoo zile shimoni, zote sita, yeye akitazama. Sikumfukuza. Nilimwambia asali yake nitaipokea ikiwa ndani ya masega tu, na nikaona hapo hapo kwamba hilo linapaswa kuwa kwa wote.

Tangu mwaka uliofuata nanunua masega. Naona nta ilivyofunikwa, naona kama kuna makinda ya nyuki yamekatwa pamoja na asali, naona kama moshi ulikuwa mwingi. Ni vigumu mno mtu kumimina sukari ndani ya sega lililofungwa na nyuki wenyewe, labda awe amewalisha nyuki sukari hiyo. Kazi ya kukamua na kuchuja ikahamia stoo kwangu, nikaajiri wanawake watano kwa msimu, baadaye wawili kati yao nikawaajiri kwa mwaka mzima wenye mkataba na michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Nta ambayo zamani warina asali waliitupa kwenye kambi zao za msituni sasa naipima na kuilipia. Ndiyo, gharama ya usafiri ilipanda. Lakini usiku nalala bila kuwaza kuna nini ndani ya ndoo.

*

Msitu ndio ulionifundisha kwa maumivu zaidi, kwa sababu huko nilikosea nikiwa naamini natenda mema.

Sehemu kubwa ya mizinga ya Tabora kwa miaka mingi imekuwa ya magome. Fundi anachagua mti ulionyooka, mtundu au myombo, anakata gome kuuzunguka mti mzima juu na chini, analichana kwa urefu, analitoa kama koti, analikunja na kulishona kwa vijiti. Ni ufundi wa kupendeza kuutazama na mzinga ni mwepesi kupandisha mtini. Lakini chini ya gome ndimo chakula kinachotengenezwa na majani hupita kwenda kwenye mizizi. Gome likiondolewa mzunguko mzima, mizizi inakufa njaa, na mti unakufa nayo. Mti wenyewe ulikuwa ukiwapa nyuki maua. Mzinga ule utadumu miaka michache tu, kisha unahitajika mti mwingine.

Nilipofika kambini mara ya kwanza na wenyeji wangu, mwendo wa siku nzima kwa baiskeli, niliona miti imesimama uchi, myeupe kwa myekundu, mingine imeshakauka na matawi yanaanguka. Niligusa mmoja uliotoka kuchunwa. Ulikuwa umelowa, unateleza kama samaki. Nilirudi mjini nikaapa. Msimu uliofuata nikatangaza: asali ya mizinga ya magome sinunui.

Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Mzee wangu wa mwembe alisubiri watu waondoke, akaniita pembeni. "Mayu," akasema, "umewafungia mlango wasio na mbao za mizinga. Wenye mbao ni wenye fedha. Hawa wengine unadhani wataacha kuchuna miti? Wataiuza asali kwa dalali, na msimu kesho watalima tumbaku zaidi." Na ndivyo ilivyokuwa. Watu kumi na moja niliowakataa waliuza kwa ndoo kwa bei ya chini, na wanne kati yao waliongeza shamba la tumbaku. Anayeijua Tabora anajua maana yake. Tumbaku ya mvuke inakaushwa kwenye mabani kwa kuni, na kuni ni msitu ule ule. Niliokoa miti michache ya mizinga, nikasukuma mingi zaidi kwenye moto.

Siwalaumu wanaolima tumbaku. Inalipa mara moja kwa mwaka, fedha nyingi kwa pamoja, na mtu mwenye watoto wanne anahesabu kama mimi ninavyohesabu. Kinachoweza kumwacha mrina asali aendelee na asali ni asali yenyewe kumlipa. Kwa hiyo swali langu lilikuwa si kukataza, lilikuwa nani atanunua mbao.

Mizinga ya sanduku ilikuwa imeshaletwa kijijini zamani kupitia mradi mmoja. Nilikuta watu wameitumia kuhifadhia mbegu za mahindi. Nilidhani ni uzembe, mpaka nilipoikagua: mbao zilikuwa mbichi wakati wa kutengenezwa, zimepinda, pana nyufa za kupitisha kidole, na nyuki hawakai kwenye nyumba inayopitisha upepo na siafu. Wala hakuna aliyekuwa amewauliza wenyeji waitundike wapi. Tukaanza upya nao. Fundi seremala wa kijiji alitumia mabanzi, yale makombo ya mbao yanayobaki mashine za kupasulia magogo, yaliyokaushwa msimu mzima. Ndani wakapaka nta iliyoyeyushwa ili kuwavuta nyuki. Tukaitundika kwa waya uliopakwa grisi, kuzuia siafu, na mbali na shina, kwa ajili ya nyegere. Wengine hawakutaka sanduku kabisa. Walitaka mzinga wa gogo uliochongwa kwenye mti ulioanguka wenyewe, ambao ukitunzwa hudumu miaka kumi na zaidi. Nikasema sawa. Kwa nini nilazimishe sanduku kama lengo ni mti uliosimama ubaki umesimama?

Fedha ilitoka kwenye bei. Nilitenga shilingi 300 katika kila kilo niliyouza, kwenye akaunti ya peke yake, ya mizinga tu. Asali ya magome nikarudi kuipokea, kwa makubaliano kwamba kila anayeleta anaandikishwa kwenye orodha ya mbao, na hachuni mti mpya akishapata mizinga minne. Baadhi ya wateja wangu wa Dar walikasirika nilipowaeleza kwamba bado nina asali ya magome ndani ya mchanganyiko. Mmoja aliniambia nimewasaliti. Nilimwelewa, ila sikuweza kumpa jibu safi kuliko hali yenyewe ilivyo, na niliona ni heri aniache akiujua ukweli kuliko abaki kwa picha ya msitu iliyo kwenye lebo.

Mpaka sasa tumeshatundika mizinga 212 isiyo ya magome. Sehemu ya asali ya magome katika mzigo wangu imeshuka kutoka zaidi ya nusu hadi kama moja ya tisa. Bado ninatumia chupa za plastiki, jambo linaloniudhi kila ninapozishika. Za vioo nilizijaribu msimu mmoja na nyingi zilivunjika njiani, na bei ikawashinda wateja wangu wa kawaida. Kwa walio Dar nimeanza kupokea chupa tupu na kuwajazia. Wanaorudisha ni wachache kwa sasa.

Mzee wa mwembe alifariki mwaka juzi. Mizani tunaifunga kwenye tawi lile lile, na anayesoma sasa ni mjukuu wake, msichana mwenye sauti kubwa ambaye hakubali mtu aguse ndoo wakati mshale unacheza.

Juni iliyopita nilikwenda kambini tena na wenyeji. Njiani, karibu na mto uliokauka, niliona mtundu mmoja umechunwa, jeraha bado bichi. Sikusema kitu. Jioni, tukiwa tumekaa kwenye moto, mwanaume mmoja akaja akachuchumaa karibu yangu. "Ule mti ni mimi," akasema. "Jina langu liko mwisho wa orodha, na nyuki walikuwa wanahama. Nisingewapata tena."

Asubuhi tulipima masega yake kama ya wengine, kilo 31 na nusu, nikamlipa hapo hapo. Akaomba mbao za mizinga minne. Nilikuwa nazo za mitatu.